Mizani Kabla ya Maneno

Kikao cha kwanza nilikwenda nimejiandaa kulia. Mkobani nilikuwa na leso mbili, na kichwani nilikuwa na simulizi ya utoto wangu niliyoipanga wiki nzima, nikijua wapi nitanyamaza na wapi sauti itakatika. Mwanasaikolojia alinikaribisha, akaniuliza habari za safari, kisha akanionyesha mizani iliyokuwa pembeni ya meza yake. Nikamwambia mimi nimekuja kuzungumza, mizani nimeshapandishwa hospitali mpaka nimechoka.

"Tutazungumza sana tu, dada yangu," akasema. "Ila kwanza nataka kujua nazungumza na nani."

Nilipanda kwa hasira. Nikaondoka nimeapa kwamba hanioni tena, na wiki iliyofuata nikarudi. Vikao vyetu vilifika 40 na ushei, na karibu vyote vilianza hivyohivyo: viatu pembeni, mizani, halafu maneno.

Uzito wangu sitautaja popote katika makala haya. Nilipokuwa mgonjwa wa anoreksia, maradhi ya akili ya kujinyima chakula, nilisoma simulizi za wanawake waliopona kama mwanafunzi anayeiba majibu ya mtihani. Sehemu za kupona nilizipita mbio, nikatafuta kilo, nikajilinganisha nazo, na kila mara nikajiona kwamba mimi sijaugua vya kutosha. Kama umekuja hapa kwa nia hiyo, nakufahamu vizuri sana, na hutapata kitu.

Nianze na jina la ugonjwa wenyewe, maana limenisumbua muda mrefu. Anoreksia ni neno lenye asili ya Kigiriki, na maana yake ni kukosa hamu ya kula. Mwaka 1873 daktari William Gull wa London na mwenzake Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kivyake, walieleza habari za wasichana waliokuwa wakikonda hadi kutisha bila maradhi ya mwili ya kuonekana. Jina la anoreksia nevosa tumeachiwa na Gull, na mimi nasema alikosea. Hamu nilikuwa nayo. Chakula nilikiota usiku, nikakifikiria kazini, nikawaangalia wenzangu wanavyotafuna. Dada yangu alipokuwa akiwaambia watu kwamba mdogo wake siku hizi hana hamu ya kula, walimletea kila aina ya dawa ya kuamsha hamu, naye kwa upendo wake akanipikia mara mbili zaidi. Wahenga wanasema mwenye njaa hana miiko. Mimi njaa nilikuwa nayo mchana na usiku, na miiko nilikuwa nayo tele: miiko ya saa, ya sahani, ya nani awepo mezani na nani asiwepo. Kilichonizuia kula kilikuwa hofu, na nyuma ya hofu kulikuwa na kitu ninachoona aibu kukitaja hata leo, nacho ni fahari. Kila mlo nilioruka niliuhesabu kama ushindi.

Sasa mweleze mtu mwenye hali hiyo kwamba tatizo lake ni kukosa hamu. Atakubali kwa kichwa, ajifungie chumbani, acheke.

Kikao cha tatu mwanasaikolojia alinisimulia habari za vijana 36 wa Marekani. Walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu za imani na dhamiri, na mwishoni mwa mwaka 1944 wakajitolea kwa mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambaye alitaka kujua namna ya kuwalisha upya watu waliokumbwa na njaa ya vita. Walichaguliwa kwa sababu walikuwa wazima wa mwili na akili. Kwa miezi sita wakapewa karibu nusu ya chakula walichozoea, huku wakitembea umbali mrefu kila wiki, mpaka kila mmoja akapoteza takriban robo ya uzito wake. Vijana wale wakabadilika. Wakaanza kulamba sahani. Wakala polepole, wakichanganya na kupanga chakula kama watoto wanaochezea udongo. Mazungumzo yote yakawa ya chakula. Wengine wakasoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi, watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na habari na jikoni. Wakawa wakali, wenye huzuni, wasiopenda wageni wala mzaha, na mapenzi yakawatoka kabisa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiogopa kunenepa. Na chakula kiliporudi, akili haikurudi siku ileile, ilichukua miezi.

Nilinyamaza muda mrefu. Chini ya kitanda changu kulikuwa na vitabu 11 vya mapishi, na sikuwa nimewahi kumwambia mtu.

Hapo ndipo nilipoelewa lile neno lake la siku ya kwanza, kwamba anataka kujua anazungumza na nani. Miaka miwili nilikuwa nimeyachukulia yote yale kuwa ni mimi: ugumu wa kubadilisha ratiba, kuwakwepa rafiki, kulia bila sababu, kukesha. Nilijiita mtu makini, mwenye nidhamu, asiyependa kelele. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa njaa, na njaa ingemfanyia hivyohivyo kijana yeyote wa Minnesota. Mimi mwenyewe nilikuwa nani? Hakuna aliyeweza kujibu, hata mimi, mpaka mwili ulishwe kwanza.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu kabla yake nilipita kwa mtaalamu mwingine, na nilikaa kwake miezi saba. Alikuwa mpole, msomi, na alikuwa na masikio. Tulimzungumzia baba. Tulimzungumzia mwalimu mmoja wa darasa la sita. Alinieleza kwamba ninakataa kuwa mwanamke mzima, kwamba mwili wangu unaomba kurudi utotoni, nami nikaitikia, kwa sababu wagonjwa wa ugonjwa huu ni hodari wa kuitikia. Hakuna hata siku moja tuliyozungumzia nilichokula asubuhi ile. Wiki zilivyopita maelezo yangu kuhusu utoto yalizidi kunona, nami nikazidi kukonda. Baadaye nilimsoma Hilde Bruch, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Marekani, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake na wagonjwa kama mimi. Aligundua kwamba ile tiba ya zamani ya kumtafsiria mgonjwa hisia zake inaweza kumdhuru zaidi, kwa sababu binti ambaye maisha yake yote ameambiwa anachohisi anakutana tena na mtu mwingine wa kumwambia anachohisi. Nilipoisoma sentensi hiyo nilifunga kitabu nikaenda kutembea. Simlaumu yule mtaalamu. Sidhani kama alijua kwamba alikuwa akizungumza na njaa.

Mwisho wa miezi ile saba ulikuwa wodini. Hapo sina mengi ya kusema. Moyo ulikuwa unapiga polepole mno, damu ikapimwa asubuhi na jioni, na chakula kikaongezwa kidogokidogo chini ya macho ya madaktari, kwa sababu mwili uliozoea njaa ukilishwa kwa pupa madini ya damu, hasa fosfeti, yanaweza kushuka ghafla na kuua. Ndiyo maana naogopa ninaposikia ndugu wanaamua kumlisha mgonjwa nyumbani kwa nguvu bila daktari. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Wengine hufa kwa moyo kushindwa, wengine kwa kujiua.

Lakini wodini nilipata rafiki. Kitanda chake kilikuwa mkabala na changu, naye alikuwa akitibiwa kwa njia iliyobuniwa katika Hospitali ya Maudsley, London, na Ulrike Schmidt na Janet Treasure, kwa ajili ya watu wazima. Katika tiba hiyo mgonjwa huandika barua mbili kwa anoreksia yake: moja kama anamwandikia rafiki, nyingine kama anamwandikia adui. Jioni moja alinisomea ya kwanza. "Asante," aliandika, "kwa kuwa kitu kimoja ninachokiweza. Asante kwa kunizibia masikio nyumbani walipokuwa wakigombana." Ilikuwa kurasa tatu, nzuri kuliko barua nyingi za mapenzi nilizopata kuona. Nikamwomba ya pili. Ilikuwa mistari minne. Akacheka, akasema mshauri wake amemwambia ndiyo kazi iliyobaki: kurefusha barua ya pili.

Waliobuni tiba ile waliona jambo ambalo ndugu wengi hawalioni. Mgonjwa haushiki ugonjwa kwa ukaidi tu; unamfaa. Unamtuliza, unafisha hisia kali, unampa kipimo cha kujua amefanya vizuri leo au vibaya. Ukija kumpokonya bila kumuuliza ulikuwa unamfanyia kazi gani, utapigana naye mpaka mmoja wenu achoke, na mara nyingi si yeye anayechoka kwanza.

Tiba yangu mimi, baada ya wodi, ilikuwa ile ya kubadilisha fikra na tabia, aina iliyokuzwa zaidi na Christopher Fairburn wa Oxford kwa matatizo ya ulaji. Kwa mtu aliyepungua sana hupangwa vikao 40 hivi. Haina mapambo. Nilipewa daftari lenye safu nne: saa, mahali, nilichokula, na nilichokuwa nikifikiria wakati ule. Sharti lilikuwa kuandika palepale, si usiku kitandani, kwa sababu usiku kila kitu hugeuka kuwa kesi na wewe ndiwe mshtakiwa. Safu tatu za kwanza nilizijaza kwa herufi ndogo nadhifu. Ya nne ilifurika mpaka pambizoni.

Tulichora pia. Kwenye karatasi moja mwanasaikolojia aliniandikisha katikati kile ninachojipimia thamani yangu, na mimi bila kusita nikaandika umbo na uzito. Kutoka hapo tukachora mishale: kujinyima, kupungua, njaa, kuchanganyikiwa kwa akili, hofu zaidi, kujinyima zaidi. Mishale ilizunguka ikarudi pale ilipoanzia. Utoto haukuwemo. Nikamuuliza utoto tunauweka wapi. Akasema mlango ulioingilia moto ni muhimu kuujua, ila kwanza tuzime unaowaka, na tuangalie ni nini kinachouchochea leo.

Mizani nayo ilikuwa na utaratibu wake. Nilipimwa mara moja kwa wiki, pale ofisini kwake, na nyumbani nikatakiwa nisipime kabisa. Kabla ya kupanda niliandika ninachotabiri: wiki hii nimekula kitu fulani ninachokiogopa, kwa hiyo mizani itaruka hivi. Kisha tukasoma namba pamoja na kuitia kwenye grafu. Wiki baada ya wiki utabiri wangu ulikuwa wa mtu anayeona mlima, na grafu ikachora kichuguu. Alikuwa hanibishii. Aliniachia karatasi inibishie yenyewe, na karatasi haina sauti ya mama wala ya dada, kwa hiyo huwezi kuigombeza.

Mwanasaikolojia ndiye aliyenizoesha kuutaja ugonjwa kama kitu kilicho nje yangu. Mimi nikauita "yeye". Kiswahili hakitofautishi yeye wa kike na wa kiume, wala yeye wa mtu na wa jinamizi, kwa hiyo siku moja mezani nilipomwambia dada yangu, "Yeye hataki nile hiki," alisimama na kijiko mkononi akitaka namba ya simu ya huyo mwanasaikolojia amwoneshe kazi. Tulicheka sote. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza mezani baada ya muda ambao sikumbuki urefu wake.

Dada huyu alikuwa na tiba yake ya kujifunza. Kwa vijana, familia ndiyo huwekwa katikati ya matibabu: utafiti wa Maudsley uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba walioanza kuugua wakiwa wadogo, na ugonjwa haujafikisha miaka mitatu, walinufaika zaidi kwa tiba ya familia kuliko ya mtu mmoja mmoja. Wazazi hukabidhiwa kazi ya kulisha, kisha usukani humrudia mtoto hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa mtu mzima wa miaka 26, hakuna wa kunikabidhi kwa mtu. Hata hivyo dada aliitwa kwenye vikao vichache, akafundishwa kwa mifano ya wanyama aliyoitunga Janet Treasure kwa ajili ya ndugu wa wagonjwa. Yuko kangaruu, anayekutia mfukoni usiguswe na dunia. Yuko kifaru, anayekuja kwa pembe akidhani hoja kali itavunja ugonjwa. Yuko mbuni, asiyetaka kuona. Na yuko pomboo, anayeogelea ubavuni, mara mbele kidogo, mara nyuma, akikusukuma taratibu kwa pua.

"Mimi ni kifaru," dada akasema bila kuulizwa. Mwaka ule wote nilimwona akijitahidi kuwa pomboo, na kusema kweli pembe hazikuisha. Ila alijifunza kukaa. Nilipokuwa nusu saa mbele ya sahani, hakubembeleza wala hakukaripia. Alisimulia mambo yake ya kazini, akala chakula chake, na hakuinuka mpaka niinuke.

Nilipopata nguvu za kusoma kitu zaidi ya mapishi, nilianza kusoma tafiti. Mmoja unanipendeza mpaka leo. Ulifanyika Christchurch, New Zealand, ukachapishwa mwaka 2005, na washiriki walikuwa wanawake 56 wenye anoreksia. Watafiti walilinganisha tiba ya fikra na tabia, tiba ya mahusiano baina ya watu, na ya tatu ambayo iliwekwa kama kipimo tu cha kulinganishia zile mbili zenye majina. Hiyo ya tatu ilikuwa kazi ya kawaida ya mhudumu anayeujua ugonjwa: kufuatilia uzito, kueleza njaa inaufanyia nini mwili, kutia moyo, kuhimiza kula, na kusikiliza lolote mgonjwa alilokuja nalo siku hiyo. Matokeo yalipotoka, ile ya kulinganishia ndiyo iliyotangulia, na ya mahusiano ikabaki nyuma. Miaka kadhaa baadaye walipowafuatilia wanawake walewale, tofauti zilikuwa zimefifia. Leo ile tiba ya kawaida ina jina lake rasmi, na mwongozo wa mwaka 2017 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaitaja pamoja na ile ya barua na ile ya daftari kama tiba tatu za kuanza nazo kwa watu wazima. Mwongozo huo pia unakataza dawa pekee kutumika kama tiba ya anoreksia.

Ujerumani nako walijaribu kwa wanawake 242, wakachapisha mwaka 2014. Walilinganisha tiba ya fikra na tabia, tiba fupi inayochimba hisia na mahusiano, na huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Uzito uliongezeka katika makundi yote, na tiba ilipokwisha hakuna lililoliacha jingine mbali. Wapo wanaosoma hivyo wakakata tamaa: miaka yote hii na hatujapata bingwa? Mimi nasoma kwa namna nyingine. Hata ile tiba ya kuchimba hisia, binamu wa ile iliyonishinda miezi saba, ilifanya kazi Ujerumani, lakini kule uzito ulikuwa ukifuatiliwa. Hivyo sigombani tena na mazungumzo ya utoto. Utoto wangu tuliuzungumza baadaye, kikao cha 30 na kuendelea, na ulikuwa simulizi tofauti kabisa na ile niliyokwenda nayo na leso mbili. Mwalimu wa darasa la sita hakuwemo kabisa.

Kuna jambo moja tafiti hazikuniandaa nalo, nalo ni lugha ya watu wema. Nilipoanza kurudi mwilini, kila niliyekutana naye alinipongeza: umenawiri! Ni neno zuri, la baraka, anayelisema anakutakia heri. Mimi lilinichoma kama sindano, kwa sababu "yeye" alilitafsiri kabla halijanifikia: umenenepa, umeshindwa. Nilivyokonda watu walisema nimependeza. Nilipopona wakasema nimenawiri. Katika hali zote mbili mwili wangu ulikuwa habari ya kutangazwa mlangoni. Tulitumia vikao viwili vizima kwa neno hilo moja. Nililiandika kwenye safu ya nne mara 17. Mwanasaikolojia alinipa kazi ya kulijibu "asante" na kuuliza habari za watoto, na kisha kuandika kilichotokea. Kilichotokea ni kwamba watu walinijibu habari za watoto.

Niliteleza mara moja, mwaka mmoja baada ya kumaliza, nikarudi kwa vikao vichache. Marekani, jimboni Massachusetts, waliwafuatilia wanawake wenye matatizo ya ulaji kwa zaidi ya miaka 20. Kufikia mwaka wa tisa, waliokuwa wamepona anoreksia hawakufika hata theluthi. Kufikia mwaka wa 22, walikuwa karibu asilimia 63. Rafiki yangu wa wodini yumo katika hesabu ya aina hiyo, hajafika bado. Barua yake ya pili, nilipomuuliza mara ya mwisho, ilikuwa ukurasa mmoja na nusu.

Kikao cha mwisho nilipeleka daftari kama kawaida. Mwanasaikolojia akafungua ukurasa wa juzi yake, akapitisha kidole: saa ipo, mahali papo, nilichokula kipo. Safu ya nne ilikuwa nyeupe. Akaniuliza kama nilisahau kuijaza.

Nikamwambia sikusahau. Dada alikuwa anasimulia jinsi walivyomfungia bosi wao ndani ya lifti kwa bahati mbaya, na mimi nilikuwa nasikiliza.